Jinsi ya kujibu swali la jina la riwaya bila kusimulia kitabu kizima

Wanafunzi ninaowafundisha tuisheni hapa Mbeya wakikutana na swali la usadifu wa jina la kitabu, yaani jinsi jina linavyoendana na yaliyomo, wengi huandika sentensi ya kukariri, "jina linasadifu yaliyomo", kisha wanaanza kusimulia tangu ukurasa wa kwanza. Msahihishaji hadithi anaijua. Anataka umwoneshe jina linafanya kazi gani. Tutumie Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo (2002), maana wengi wenu wa kidato cha tatu na cha nne mnayo.

Hatua ya 1: Lichunguze jina kabla hujafungua kitabu

Mama ntilie hahitaji kamusi. Pita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya asubuhi ya mwezi wa saba: sufuria la maharage juu ya mkaa, benchi la mbao, sahani kwenye beseni, wateja wamejikunyata kwa baridi wakingoja chai. Yeye yuko pale tangu giza. Andika kwenye daftari ulichokiona, na chini yake swali moja: watoto wake saa hizi wako na nani? Ingia kitabuni na swali hilo.

Hatua ya 2: Soma ukiwa na kalamu

Kila mama au watoto wanapokwama, andika ukurasa na tukio kwa maneno machache. Usinakili aya nzima.

Hatua ya 3: Badilisha jina uone kinachopotea

Maksi ziko hapa, kwa hiyo tusikimbie.

Jaribu "Watoto wa Mzee Lomolomo". Ni sahihi kabisa: baba yupo, ana jina, na Zita na Peter ni wake. Tena huku kwetu ndivyo tungetarajia. Ita rejista ya darasa lolote la Mbeya usikie Mwa-, Mwa-, Mwa-. Majina hayo ya ukoo ya Kinyakyusa humtambulisha mtu kwa wazee wa upande wa baba. Mbogo amemruka baba. Lomolomo ni mlevi, na anayehangaika ili familia ipate kula ni mama, basi watoto wameitwa wa mama. Hiyo ni lawama, na imechapwa kwenye jalada.

Sasa jaribu "Watoto wa Mitaani". Hapo mama anatoweka, na msomaji atadhani hawa hawana kwao. Kumbe wana kwao, na mama yao anafanya kazi. Hata hivyo Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na dampo la Tabata, Dar es Salaam, linawangoja. Jina la Mbogo linatulazimisha kuuliza kwa nini jasho la mama halitoshi. (Wanaosema umaskini ni uvivu wangeanza na riwaya hii.)

Jaribu pia "Mama Ntilie" peke yake. Huo mfano nakuachia.

Hatua ya 4: Angalia umbo la neno

"Watoto" ni wengi. Wamo pia Doto, Kurwa na Musa, ambao mama huyu hakuwazaa, lakini shida inawakutanisha na wanawe. Naye mama tunamjua kwa kazi yake, kwa hiyo jina linawabeba wengi walio kama yeye.

Hatua ya 5: Andika aya

Anza na dai, leta tukio, kisha rudi kwenye jina. Hivi:

"Jina linamtaja mama na kumwacha baba, ingawa baba yao, Mzee Lomolomo, anajulikana. Ulevi umemtoa katika malezi, na mkewe ndiye anayepika na kuuza chakula ili watoto waishi. Kwa kuwaita watoto wa Mama Ntilie, mwandishi anaonesha ni nani aliyebaki na mzigo."

Aya tatu za namna hiyo zinatosha.

Jina lisilotaja mtu lina njia yake. Kwa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) usihangaike kubadilisha maneno. Uliza nani anamvuta nani. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, anavutwa na jamaa zake upande mmoja na maisha anayoyataka upande mwingine. Denge na wenzake wanavutana na serikali ya kikoloni ya Zanzibar. Mpe Yasmin aya yake na Denge yake, uoneshe kila mmoja anashikiliwa na nini.