Waya au Wi-Fi? Namna ya kupata muziki safi nyumbani

Kazi yangu ni kufunga vyombo vya muziki majumbani, na karibu kila mteja huniuliza: nikivuta waya, sauti itakuwa nzuri zaidi? Mara nyingi haitabadilika. Waya huzuia muziki kukatika, na hilo ni jambo jingine. Kwa hiyo usianze na kununua kebo.

Hatua ya 1: Chunguza njia ambayo muziki unapita. Wengi husema wanatumia Wi-Fi, kumbe simu inapeleka muziki kwenye spika kwa Bluetooth. Hapo ndipo ubora wa sauti hupungua. Muziki wa kiwango cha CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. SBC, mfumo wa kubana sauti ambao kila spika ya Bluetooth huwa nao, kwa kawaida huishia kwenye 328 hivi. LDAC, mfumo mwingine wa kubana sauti kwa Bluetooth, hufika 990. Wimbo unabanwa upya njiani, na kilichotupwa hakirudi. Sikiliza matoazi: badala ya mlio unaofifia taratibu, utasikia kitu kama mchanga unaomwagwa.

Hatua ya 2: Iache spika ichote muziki yenyewe. Kama spika au amplifaya yako ina Wi-Fi, iunganishe na ruta, simu ibaki kuwa rimoti tu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya muziki, uondoe ubora wa "otomatiki" na kuchagua wa juu kabisa. Otomatiki hushusha ubora kimyakimya mtandao ukizidiwa, halafu Wi-Fi ndiyo inayolaumiwa.

Hatua ya 3: Fanya jaribio hili. Kama chombo chako kimeunganishwa kwa kebo ya mtandao, cheza wimbo kisha uichomoe. Muziki utaendelea kwa sekunde kadhaa, pengine hadi wimbo uishe, kwa sababu chombo hujiwekea akiba mbele. Unachokisikia kilishafika na kukaguliwa. Kipande kilichopotea njiani kiliombwa tena. Ndiyo maana wimbo uliofika kamili kwa Wi-Fi ni uleule uliofika kwa waya.

Hatua ya 4: Muziki ukikatika, tengeneza Wi-Fi kwanza. Toa ruta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, uiweke juu, mahali pa wazi. Chombo kikiwa chumba kimoja na ruta, tumia masafa ya 5 GHz ya Wi-Fi yako. Ukuta mnene ukiwa katikati, 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi, lakini maikrowevu huivuruga, na Wi-Fi za majirani pia. Kwenye 2.4 GHz, jaribu chaneli 1, 6 na 11 katika mipangilio ya ruta, ubaki na iliyo tulivu.

Hatua ya 5: Sasa vuta waya, kama muziki bado unakatika. Mimi huvuta bila kusita penye spika za vyumba vingi zinazopaswa kucheza pamoja. Kebo ya kawaida ya Cat5e inatosha: hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, wakati hata muziki wa ubora wa juu sana, wa biti 24 na kHz 192, hauzidi megabiti 10. Kebo ya bei kubwa haikuongezei chochote.

Chagua isiyo na ganda la chuma kwenye plagi. Lile ganda linaweza kuunganisha bodi za chuma za vyombo viwili na kuleta mvumo kwenye spika. Ukiusikia, chomoa kebo: ukinyamaza papo hapo, badilisha hiyo kebo, amplifaya yako ni nzima.