SOMO: Kumlea kiwavi wa tango hadi atoke nondo mweupe

Wakuu, kila mara naletewa picha ya kiwavi wa kijani na swali lile lile: ni nani huyu? Mleeni hadi awe nondo, mtamjua wenyewe. Ninayemsema hapa ni Diaphania indica. Kiwavi ana mistari miwili myeupe mgongoni. Nondo ana mabawa meupe yanayopitisha mwanga, yenye pindo pana la kahawia iliyokoza.

1. Kata jani zima alilojikunjia. Usimbandue kwa vidole.

2. Tandika karatasi kavu ndani ya chupa pana.

3. Funika kwa kipande cha chandarua, funga na mpira. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliweka kifuniko cha plastiki nikidhani majani yatadumu mabichi. Siku ya pili kuta zinatiririka maji. Siku ya nne kinyesi kimeota ukungu na viwavi wote sita wamelegea, weusi. Iliniuma sana. Jani likikauka utaleta jingine, kiwavi akioza ndiyo basi. Hewa ipite, karatasi ibadilishwe kila siku, chupa isikae juani. Na msiweke kikombe cha maji, watazama.

4. Jani bichi kila siku, la tango, boga au dodoki, lisilopigwa dawa.

5. Akijifunika kwenye jani na kuacha kula, anageuka pupa. Usimguse. Subiri kama wiki moja.

MASWALI

Chipukizi: Naweza kumpa mchicha?
— Soma hatua ya 4.

Chipukizi: Ila nilio nao ni mchicha tu.
— Basi mrudishe ulikomtoa.

Mzee wa Chupa: Mimi nilitumia kifuniko, wakapona.
— Sawa mkuu. Wangu sita walikufa, kwa hiyo ushauri wangu ni ule ule.

Binti Bustani: Wangu ametokwa na vifuko vidogo vyeupe ubavuni, akafa. Nimekosea wapi?
— Hujakosea dada, umebahatika kuona. Nyigu mdogo wa jamii ya Braconidae alitaga ndani yake. Watoto wakamla, wakatoka na kusokota vifuko. Usivitupe. Badilisha chandarua kwa kitambaa chenye matundu madogo zaidi, uwaone wakitoka, kisha waachie bustanini wakawatafute viwavi wengine.

Binti Bustani: Asante! Na nikipiga Bacillus thuringiensis, ile dawa ya bakteria inayoua viwavi?
— Inafaa, hasa viwavi wakiwa wadogo, kwa sababu lazima waile. Piga jioni, jua huiharibu. Kwanza kunjua majani waliyoyashona, kisha nyunyiza na upande wa chini.