Kabla hujatuma barua ya Kiingereza, hakiki nani ametenda na nani ametendwa

Barua ya Kiingereza ya kudai malipo, kuomba kazi au kueleza hasara isitoke mkononi mwako kabla hujaisoma upya ukitafuta kosa la kauli na kosa la maana. Anza na mepesi. Kauli ya kutendwa hutaka kitenzi "be" kifuatwe na umbo la tatu la kitenzi kikuu: andika "The sacks were weighed", usiandike "were weigh". Vitenzi kama "happen", "arrive" na "die" havina kauli ya kutendwa, kwa hiyo futa "was happened" popote uionapo.

Kisha simama kwenye kila "was" uulize ni nani aliyetenda, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Fundi mmoja wa Mikindani alitengeneza milango ya nyumba ya mtu aishiye ng'ambo, akanunua mbao na kuwalipa vibarua kwa fedha za kukopa, halafu akaandika kudai arejeshewe: "I was paid for the timber and the labour." Alidhani "was" ni alama ya wakati uliopita tu, mfano wa "li" katika "nililipia". Mwenye nyumba akasoma kwamba fundi amekwisha kulipwa, akashukuru kwa taarifa, akanyamaza. Nilipoletewa barua ile, fundi alikuwa ameshauza randa yake ya umeme ili apunguze deni. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba sentensi ile haina kosa hata moja la sarufi. Programu ya kusahihisha isingeipigia mstari, kwa kuwa haiwezi kujua fedha zilitoka mfukoni mwa nani. Kufuta "was" kungetosha.

Usiandike "I was stolen my phone". Kiswahili humruhusu mwenye mali awe kiima, "niliibiwa simu", lakini kwa "steal" Kiingereza hutaka kiima kiwe kile kilichoibwa: "My phone was stolen."

Nanyi mnaoandikia wanunuzi wa korosho, tazameni hii: "After drying in the sun, the farmer packed the nuts." Kwa mpangilio huo aliyekauka juani ni mkulima. Andikeni "After the nuts had dried in the sun, the farmer packed them."

Baada ya hapo kagua tarehe, majina na kiasi cha fedha, umpe mtu mwingine barua aisome na akueleze kwa Kiswahili alichoelewa. Maelezo yake yakitofautiana na ulichokusudia, usiitume siku hiyo.