Jinsi ya kujidunga sindano ya uzazi wa mpango chini ya ngozi

Mwongozo huu unahusu DMPA-SC, sindano yenye miligramu 104 za dawa ndani ya kibofu laini cha plastiki kilichokwisha kuunganishwa na sindano yake. Hauhusu ile ya miligramu 150, ambayo mtoa huduma humdunga mteja kwenye msuli. Nimeuandika baada ya kumsaidia mama mmoja aliyeharibu sindano mbili kwa kosa ambalo mimi mwenyewe, ninapofundisha, nilikuwa nikilipita kwa sentensi moja.

Hatua ya 1: Hakikisha njia inakufaa. Mwenye saratani ya matiti, shinikizo la damu lililopanda sana, au anayetokwa damu ukeni bila chanzo kujulikana, asianze kabla ya kuonana na mtoa huduma. Ukianza ndani ya siku 7 za kwanza za hedhi, kinga huanza mara moja. Ukianza siku nyingine, nawe una uhakika huna mimba, tumia kondomu kwa siku 7.

Hatua ya 2: Chagua mahali. Panafaa tumboni, mbali na kitovu, au mbele ya paja. Kwa anayeanza mimi nasisitiza paja, kwa sababu mtu huketi na kuona vizuri anachofanya. Nawa mikono.

Hatua ya 3: Shika shingo, yaani sehemu ngumu ya plastiki iliyo kati ya kibofu na kifuniko cha sindano, utikise kwa nguvu kwa sekunde 30, mpaka dawa iliyotuama ichanganyike vizuri.

Hatua ya 4: Funga pengo. Hapa ndipo wengi hukwama. Kati ya kifuniko cha sindano na shingo kuna pengo dogo, na pengo hilo likiwa wazi dawa haina njia ya kutoka. Elekeza kifuniko juu, shika shingo kwa mkono mmoja, kisha sukuma kifuniko kuelekea shingoni. Utahisi kikikaza, usiishie hapo. Endelea kusukuma mpaka pengo lisionekane kabisa, kwani ni msukumo huo unaoifanya sindano itoboe kibofu kwa ndani. Yule mama, mara ya kwanza, alivua kifuniko kabla ya kusukuma, akaminya kibofu mpaka vidole vikaumia, na dawa haikutoka. Mara ya pili alisukuma, lakini alipohisi kukaza akadhani amemaliza, na pengo likabaki nusu. Kwa hiyo lete sindano karibu na macho, mahali penye mwanga, ulitazame pengo kwa pande zote kabla ya kuvua kifuniko. Ukishakivua pengo likiwa wazi, usijaribu kukirudisha, kwa maana utajichoma vidole; itupe kwa usalama, uchukue nyingine.

Hatua ya 5: Vua kifuniko, finya ngozi ili upate mkunjo, kisha ingiza sindano ikiwa imeelekea chini, mpaka shingo iguse ngozi. Minya kibofu polepole kwa sekunde 5 hadi 7, chomoa, ndipo uachie mkunjo. Usisugue mahali hapo. Dawa ikivuja nje, usijidunge nyingine palepale. Tumia kondomu, uonane na mtoa huduma.

Hatua ya 6: Tupa sindano bila kuifunika, ndani ya chombo kigumu chenye mfuniko ambacho hakitoboki.

Hatua ya 7: Andika tarehe. Wengi huhesabu kutoka siku ya hedhi, na hilo ni kosa, kwa kuwa hesabu huanzia siku uliyojidunga. Mimi huwaambia wahesabu wiki 13 badala ya miezi mitatu: aliyejidunga Jumanne atajidunga tena Jumanne. Unaweza kuwahi kwa wiki 2 au kuchelewa hadi wiki 4. Ukipitisha hapo, tumia kondomu na uhakikishe huna mimba kabla ya kujidunga. Kalenda ya ukutani naiamini kuliko simu, maana simu hubadilishwa, nayo kumbukumbu hupotea.

Usishtuke ukipata matone ya damu yasiyotabirika, au hedhi ikikoma kabisa. Damu ikitoka nyingi kupita kawaida yako, nenda kituoni. Sindano hii haikingi VVU, na anayetaka mimba karibuni ajue kwamba baada ya sindano ya mwisho uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi kwa miezi kadhaa.