Kuchagua kifurushi cha Java kinachoifaa kompyuta yako

Ukurasa wa kupakua Java haukupi faili moja liitwalo Java. Unakupa makumi ya mafaili: jdk na jre, x64 na aarch64, msi, zip, pkg, tar.gz, halafu 8, 11, 17, 21, 25. Wengi hubofya kitufe kikubwa kuliko vyote, bando linaondoka na MB 200 hivi, kisha programu waliyoikusudia inagoma kufunguka.

Ninapoandaa mashine ya mtu naanza na kazi, kisha mashine, kisha mtengenezaji wa kifurushi, na faili lenyewe linakuja mwisho. Kinachoamua toleo ni programu unayotaka kuiendesha. Kompyuta inaamua umbo la faili tu.

Hatua ya 1: Iulize programu inataka toleo lipi

Java mpya hutoka kila miezi 6, Machi na Septemba. Mengi ya matoleo hayo hupata masasisho kwa nusu mwaka tu, basi. Yanayotunzwa kwa miaka ni machache: 8 (2014), 11 (2018), 17 (2021), 21 (2023) na 25 (2025). Chagua humo. Ya katikati, kama 22 au 23, yaache.

Sasa lipi kati ya hayo matano? Soma maelezo ya programu yako. Spring Boot 3, mfumo wa kujengea programu za Java, haikubali chini ya 17. Minecraft 1.18 inataka 17, na 1.20.5 inataka 21. Mfumo wa mahesabu uliowekwa ofisini miaka kumi iliyopita huenda unaijua Java 8 peke yake.

Kama maelezo hayapo, iendeshe kwa Java uliyonayo na usome kosa. Ukiona `UnsupportedClassVersionError`, tafuta namba mbili ndani ya ujumbe huo:

`class file version 65.0 ... up to 61.0`

Toa 44 kwenye kila moja. 65 ukitoa 44 inabaki 21: programu ilikusanywa (yaani msimbo wake uligeuzwa kuwa programu) kwa Java 21. 61 ukitoa 44 inabaki 17: mashine yako ina Java 17. Ukikuta 52 ni Java 8, 55 ni Java 11. Hesabu hiyo ndogo inakuokoa na kubahatisha.

Upande wa pili, usidhani toleo jipya linabeba kila kitu cha zamani. Kwa kawaida linabeba, lakini Java 11 iliondoa baadhi ya maktaba zilizokuwemo ndani ya 8. Programu ikilalamika haioni `javax/xml/bind`, hicho ndicho kisa. Java 17 nayo ilifunga milango ya ndani ambayo programu nyingi za zamani zilizoea kupitia, ndipo unapokutana na `InaccessibleObjectException`. Na kama programu ina madirisha ya JavaFX, maktaba ya kuchorea madirisha, jua kwamba vifurushi vingi vya 11 na kuendelea havina JavaFX. Kampuni za Azul na BellSoft hutoa vifurushi vyenye JavaFX ndani yake, na jina la kifurushi huonyesha hivyo.

Kama unaanza tu kujifunza na hakuna programu inayokulazimisha, chukua 21. Vitabu, masomo ya video na majibu ya watu mtandaoni yameshaizoea.

Hatua ya 2: JDK au JRE

JRE inaendesha programu zilizokwisha tengenezwa. JDK inaendesha hizo hizo, na ndani yake kuna pia kompaila `javac`, inayogeuza msimbo kuwa programu, na zana nyingine za mwandishi wa programu. Ukikusudia kuandika hata mstari mmoja, au kutumia zana za waandishi kama Maven au IntelliJ, chukua JDK. JRE ya Temurin, mmoja wa watoaji wa Java utakaowaona Hatua ya 4, ni kama robo ya uzito wa JDK, kwa hiyo kwenye kompyuta ya karani anayefungua mfumo mmoja tu, au kwenye seva yenye diski ndogo, inafaa. Oracle wenyewe hawatoi JRE ya peke yake kuanzia toleo la 11, basi usihangaike kuitafuta kwao.

Hatua ya 3: Ijue prosesa, na ujue biti

Hapa ndipo watu wanapokosea sana, kwa sababu majina yamevurugika.

Kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike:

`echo %PROCESSOR_ARCHITECTURE%`

Likija `AMD64`, faili lako ni lile lenye x64. Usishtuke kama kompyuta imebandikwa nembo ya Intel: AMD ndio waliobuni kwanza mpangilio huu wa biti 64, Intel wakaufuata, na jina likabaki. Likija `ARM64`, una mojawapo ya laptopu mpya za Windows zenye chipu za Snapdragon, na faili lako ni aarch64. Likija `x86`, una Windows ya biti 32.

Biti 32 inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa mashine hizo bado zipo kwenye maduka na ofisi nyingi. OpenJDK, mradi wa msimbo wazi wa Java, iliiondoa Windows ya biti 32 kwenye Java 24, na Linux ya x86 ya biti 32 kwenye Java 25. Kwa mashine ya namna hiyo tafuta Java 8 au 17 yenye alama `x86-32`, na usilazimishe zaidi.

Kuna mahali unapohitaji Java ya biti 32 hata kama Windows yako ni ya biti 64: programu inapotegemea faili la DLL (maktaba ya Windows) la kifaa cha zamani, tuseme kisoma alama za vidole au printa ya risiti. Java ya biti 64 haiwezi kupakia DLL ya biti 32. Ujumbe wake huwa huu:

`Can't load IA 32-bit .dll on a AMD 64-bit platform`

Ukiuona, kifaa hakina ubovu. Sakinisha Java ya biti 32 pembeni ya ile nyingine, programu hiyo iielekeze huko.

Kwenye Mac, fungua Terminal:

`uname -m`

`arm64` maana yake chipu ya Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, chukua aarch64. `x86_64` ni Intel, chukua x64. Lakini Terminal ikiwa yenyewe inapita ndani ya Rosetta, kitafsiri cha Apple cha kuendeshea programu za Intel, itakuambia `x86_64` hata kwenye M2. Kwa hiyo hakikisha kwenye menyu ya tufaha, sehemu ya kuihusu Mac hiyo: ukiona imeandikwa Apple M-kitu, shika hilo. Java ya x64 itafanya kazi juu ya chipu ya Apple kupitia Rosetta, ila kwa uzito ambao huna sababu ya kuubeba. Ukilazimika kutumia Java 8 kwenye chipu hizo, Azul wanayo ya aarch64.

Kwenye Linux andika amri mbili:

`uname -m`
`getconf LONG_BIT`

Ya kwanza inaeleza kernel (kiini cha mfumo), ya pili inaeleza mfumo ulio juu yake, na mara nyingine hazikubaliani. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye mfumo wa biti 32 inaweza kujibu `aarch64` kwenye ya kwanza na `32` kwenye ya pili. Hapo ifuate ya pili: unahitaji kifurushi cha arm cha biti 32. Na ukiwa ndani ya Alpine, Linux ndogo ambayo hupendwa kwenye makontena, chukua faili lenye neno `alpine`. Ukiweka la kawaida utaambiwa `not found` huku faili la `java` unaliona kwa macho yako. Kinachokosekana ni maktaba ya glibc ambayo Alpine haitumii.

Anayejifunzia kwenye simu ya Android hana haja ya yote haya. Ndani ya Termux, programu ya kuandikia amri za Linux kwenye simu, `pkg install openjdk-17` inatosha.

Hatua ya 4: Amua nani amekitengeneza

Msimbo wa OpenJDK ni mmoja, wanaoukusanya kuwa vifurushi ni wengi: Eclipse Temurin, Amazon Corretto, Azul Zulu, Microsoft, Oracle na wengineo. Kwa matumizi ya kila siku hutaona tofauti. Tofauti iko kwenye leseni. Kuanzia Aprili 2019, masasisho mapya ya Oracle Java 8 kwa matumizi ya biashara yanahitaji malipo. Mwaka 2021 Oracle waliileta Java 17 kwa leseni ya bure, ila bure hiyo ina muda: masasisho ya 17 yaliyotoka kuanzia Oktoba 2024 yamerudi kwenye leseni yenye masharti. Mwanafunzi halimsumbui hilo. Kampuni yenye kompyuta nyingi linaihusu sana, na mimi ofisini huweka Temurin au Corretto ili pasiwe na mjadala.

Hatua ya 5: Lisome jina la faili kabla ya kupakua

Chukua hili la Temurin:

`OpenJDK21U-jdk_x64_windows_hotspot_21.0.5_11.msi`

Toleo kuu ni 21. Ni `jdk`, siyo `jre`. Ni la prosesa ya x64, mfumo wa Windows. `hotspot` ni injini ya kawaida ya Java. 21.0.5 ni sasisho, 11 ni namba ya ujenzi. Majibu ya hatua tatu za kwanza yamo ndani ya jina hilo, kwa hiyo kipande kimoja kisipolingana na majibu yako, usipakue.

Mwisho wa jina ndio umbo. Kwenye Windows `msi` hujisakinisha yenyewe na inaweza kukuwekea PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri) na JAVA_HOME (anwani ya folda ya Java) ukiiruhusu wakati wa kusakinisha. `zip` unaifungua tu kwenye folda yoyote, hata kwenye flashi, na ndiyo ya kuchukua kama huna ruhusa ya msimamizi kwenye kompyuta ya ofisi au chuo. Mac wana `pkg` na `tar.gz` kwa mantiki hiyo hiyo. Mwenye Ubuntu asipakue chochote kwa mkono:

`sudo apt install openjdk-21-jdk`

Kipo pia chenye mkia wa `-headless`. Hicho hakina vya kuchorea madirisha, ni cha seva.

Mtandao ukiwa wa kukatika-katika, pakua kwa amri inayoendelea pale ilipoishia, kisha uthibitishe kuwa faili limefika zima:

`curl -L -C - -O kiungo-cha-faili`
`certutil -hashfile jina-la-faili SHA256`

`certutil` ni ya Windows; Linux ni `sha256sum`, Mac ni `shasum -a 256`. Linganisha jibu na mstari wa SHA-256 (alama ya kulitambua faili) ulio kwenye ukurasa wa kupakulia. Herufi za mwanzo na za mwisho zikilingana wengi huridhika. Mimi hubandika zote mbili kwenye Notepad, moja chini ya nyingine, kwa sababu haichukui muda.

Hatua ya 6: Hakikisha ni Java ipi inayoitika

Fungua dirisha jipya la amri. Lile lililokuwa wazi kabla ya kusakinisha halijui mabadiliko.

`java -version`
`java -XshowSettings:properties -version`

Ya kwanza inataja toleo na mtengenezaji. Ya pili inamwaga mistari mingi, tafuta `os.arch`, uone kama ni `amd64`, `x86` au `aarch64`.

Ukikuta bado inajibu 8 ilhali umeweka 21, andika `where java` kwenye Windows, au `which -a java` kwenye Mac na Linux. Inayotajwa juu kabisa ndiyo inayoitika. Kwenye Windows mshukiwa wa kwanza ni folda iitwayo `javapath`, ambayo kisakinishi cha Oracle huiweka ndani ya PATH ya mfumo. PATH ya mfumo husomwa kabla ya PATH ya mtumiaji, kwa hiyo hata ukiiweka Java yako juu kabisa kwenye ile ya mtumiaji, haitashinda. Hariri ya mfumo, upandishe folda ya `bin` ya Java yako juu ya `javapath`. Tumia dirisha la mipangilio kwa kazi hiyo, usitumie `setx PATH`: amri hiyo hukata chochote kinachozidi herufi 1024, na PATH nyingi zimeshavuka hapo.

Halafu kuna JAVA_HOME, ambayo ni kitu kingine. Maven na Gradle, zana za kujengea programu, huitazama hiyo kwanza. Ndiyo maana `java -version` inaweza kusema 21 na `mvn -version` ikasema 8 kwenye kompyuta ile ile. JAVA_HOME inaelekezwa kwenye folda ya JDK yenyewe, bila `bin` mwishoni. Kwenye Mac:

`export JAVA_HOME=$(/usr/libexec/java_home -v 21)`

Kwenye Ubuntu, kubadili ya kuitika ni `sudo update-alternatives --config java`, uchague namba.

Jaribio la mwisho: andika faili `Habari.java` lenye `main` ya kuchapisha neno moja, kisha `java Habari.java`. Kuanzia Java 11 amri hiyo inakusanya na kuendesha kwa mkupuo. Ukiambiwa haiwezi kuipata class iitwayo Habari.java, inayoitika bado ni ya 8. Na kama ndivyo, usikimbilie kuifuta hiyo 8 kabla ya kuuliza ofisini nani anaitumia. Matoleo mawili hukaa kwenye kompyuta moja bila ugomvi, na mara nyingi hiyo 8 ndiyo inayoendesha ule mfumo wa mahesabu.