Skyrim: Kutoka Helgen Hadi Chini ya Bleak Falls Barrow kwa Upinde

Wanaoanza gemu ya Skyrim hufia sana Bleak Falls Barrow, kaburi la kale, kwa kuingia mbio, panga mkononi. Kaburi hili linamfaa zaidi anayenyata na upinde: milango ni myembamba, korido ni ndefu, na maadui wengi wamelala. Fuata mpangilio huu hata kama baadaye unataka kuwa mchawi au mbeba shoka.

1. Helgen

Hapa ndipo gemu inapoanzia. Umfuate Hadvar au Ralof, wapiganaji wa pande mbili za vita wanaokuongoza kutoroka, ni sawa. Uamuzi huo haukufungi kwenye upande wowote wa vita. Katika chumba cha mateso, okota vifungua kufuli na upekue vizimba. Karibu na mwisho wa pango mwenzako atakupa upinde na mishale kwa ajili ya dubu aliyelala. Inama, mpite ukutani polepole, na mishale uitunze.

2. Mawe matatu

Njiani kuelekea Riverwood utayakuta mawe ya mpiganaji, mchawi na mwizi. Kila moja huongeza kwa asilimia 20 kasi ya kujifunza ujuzi wa kundi lake. Hapa wengi hukosea: kurusha mishale kuko chini ya mpiganaji, si mwizi, na uhunzi pia uko huko. Kunyata na utengenezaji dawa ndivyo vya mwizi. Kwa mwongozo huu gusa la mpiganaji. Unaweza kurudi kubadilisha wakati wowote.

3. Riverwood: pesa, kisha Faendal

Uza ulichookota Helgen kwa Lucan Valerius, mwenye duka. Kama pesa hazitoshi, pasua kuni kinuni na umuuzie Hod, mwenye kinu, septim (pesa za gemu) 5 kwa kila kipande. Kazi inachosha macho, lakini haina hatari. Ukiwa dukani, kubali ombi la Lucan la kutafuta ukucha wake wa dhahabu, kwa kuwa uko palepale unakokwenda.

Sasa mtafute Faendal, mpiga upinde wa kijiji. Yeye na Sven wanamgombania Camilla, dada yake Lucan. Chukua barua bandia ya Faendal inayojifanya imetoka kwa Sven, mpe Camilla, kisha rudi kwa Faendal. Atakubali kufuatana nawe, na tena ni mwalimu wa upinde hadi kiwango cha 50. Mlipe akufundishe, mwombe afuatane nawe, fungua mzigo wake, uchukue pesa zako zilezile. Ni ujanja, ndiyo, lakini gemu imeuacha wazi.

Kila unapopanda kiwango cha mhusika unaruhusiwa mafunzo 5 tu. Na usijipandishe kwa ujuzi usio wa vita, kama vile kufua majambia mfululizo kwa Alvor, mhunzi wa kijiji. Maeneo mengi hupanga nguvu za maadui kwa kiwango chako siku unapoingia mara ya kwanza, kwa hiyo utakutana na wakali huku mkono wako bado ni dhaifu.

4. Kuingia

Sevu (hifadhi gemu) kabla ya mlango, tena sevu mpya, usiandike juu ya ile ya zamani. Majambazi wa nje na wale wawili karibu na moto ndani wamalize wakiwa hawajakuona: mshale wa kuvizia huumiza maradufu hata bila kipaji chochote. Vuta uzi mpaka mwisho. Ukiuachia nusu, mshale utaanguka karibu na utakuwa umejitangaza. Ukipekua maiti, chukua mishale iliyobaki mwilini.

5. Nguzo tatu

Jambazi mmoja atavuta mtambo na kuuawa na mishale ya mtego. Usimwige. Zungusha nguzo kutoka kushoto: nyoka, nyoka, nyangumi. Jibu lipo ukutani juu ya lango, ila sanamu ya katikati imeanguka sakafuni, ndiyo maana watu hawalioni.

6. Buibui na Arvel

Buibui mkubwa hawezi kupita mlango mwembamba. Mlipue mishale kutoka koridoni, ukirudi nyuma anapotema sumu. Kisha kata utando unaomshika Arvel, mwizi wa ukucha wa Lucan. Atakimbia na ukucha. Usimkimbilie! Mbele kuna draugr (maiti wa kale wanaoinuka kupigana) na bamba la sakafuni linalofyatua ukuta wa miiba, na mara nyingi humuua wenyewe. Wewe okota ukucha kwenye maiti yake.

7. Draugr na mlango wa duara

Draugr hawadhuriki kwa sumu, na barafu huwaumiza nusu tu, kwa hiyo uchawi wako wa miali ya moto una faida zaidi. Palipo na mafuta sakafuni, tazama juu: kuna taa inayoning'inia. Ipige kwa mshale wakiwa wamesimama juu ya mafuta.

Mlangoni, fungua mzigo, uuzungushe ukucha na usome kiganja. Pete ya nje dubu, ya kati nondo, ya ndani bundi. Kisha gusa tundu la katikati.

Ukikaribia ukuta wenye maandishi utajifunza neno la kwanza la ukelele wa nguvu, Fus, ila halitatumika mpaka upate roho ya joka. Baada ya hapo jeneza hufunguka. Kabla hujaukaribia, chagua mahali pa juu pa kurushia mishale na umwache Faendal apokee mapigo. Jiwe la joka, ambalo mji wa Whiterun unalitaka, liko mwilini mwa draugr anayetoka jenezani: wengi hutoka bila kumpekua, wakafika Whiterun mikono mitupu.

Kuhusu mzigo: unaanza na uwezo wa 300, na ukizidi huwezi kukimbia wala kusafiri kwa ramani. Panga nzito za draugr huuzwa kwa senti. Acha pia vitambaa vya kitani na vifaa vya kuhifadhi maiti. Beba dawa, vito na pesa, kisha pita mlango wa nyuma ushuke kando ya ziwa.