Kukandika udongo kuzunguka jiko la kuni la chuma

Jiko linalozungumziwa hapa ni lile la bati lililochomelewa, urefu sentimita 60, upana 40, kimo 45, lenye mlango mbele, matundu ya sufuria juu na bomba la moshi nyuma. Udongo unakandikwa pande tatu tu: kushoto, kulia na nyuma. Kazi yake ni kuubakiza moto ndani na kuzikinga kanga na magoti ya mpishi. Kama jiko linawashwa asubuhi kwa chai na jioni kwa wali, basi achana nao. Ukuta mnene hunywa joto kwanza ndipo sufuria ipate, na kuni zitakwenda nyingi kuliko zamani. Unamfaa anayepika kutwa, maharage yakitoka unaingia mchele.

Hatua ya 1: Vifaa

Kwa ndoo za lita 20: udongo ndoo 3, mchanga 5, majivu ya pumba za mpunga 3, na nusu gunia la nyuzi za mkonge. Pamoja na hayo turubai, maboksi makavu, vibao vyembamba, pimamaji.

Pwani yenyewe ni mchanga na matumbawe. Aliyeko Tanga mjini afuate udongo mwekundu unaonata, upande wa Muheza. Bagamoyo kichuguu kikuukuu kinatosha, mchwa wamekwisha kukuchekechea. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu: ukuta utatoka jasho usiku na bati litaliwa na kutu. Nyuzi ziwe zile fupi zinazobaki korona, yaani kwenye mashine ya kuchambulia mkonge, zilizokauka kabisa, maana mbichi zinawasha miguu. Zikate urefu wa vidole vinne. Ndefu hujifunga mafundo wakati wa kukanyaga. Nyasi kavu nazo zinafaa, lakini ukiwa Tanga unatafuta nyasi za nini?

Hatua ya 2: Msingi

Tofali za kuchoma, safu mbili, pimamaji. Jambo moja tu: jiwe la tumbawe lisikae karibu na kinywa cha moto. Tumbawe ndilo linalochomwa kupata chokaa. Likipata moto mkali kisha likapata unyevu, linavimba na kugeuka unga.

Hatua ya 3: Kujaribu mchanganyiko

Tengeneza vipande vitatu vya urefu wa sentimita 20: udongo kwa mchanga 1 kwa 1, 1 kwa 2, na 1 kwa 3. Vikaushe kivulini siku tano, uvipime. Kilichopungua zaidi ya milimita 4 kina udongo mwingi. Kinachoacha unga ukikisugua kwa kidole kina mchanga mwingi. Kwa kichuguu jibu huangukia kati ya 1 kwa 1 na nusu na 1 kwa 2.

Hatua ya 4: Nafasi kati ya bati na udongo

Hapa ndipo majiko mengi yanapoharibikia, na lawama hupewa udongo bure. Chuma kikipata moto kinatanuka. Bati la sentimita 60 likipanda nyuzi 500 hurefuka karibu milimita 3 na nusu, na likiwa jembamba hutuna pia katikati kama shavu. Udongo uliokauka hautanuki hivyo wala haupindi. Ukiwa umegusana na bati, siku ya kwanza ya moto mkali utapasuka kuanzia kona za mlango, ufa unapanda mshazari hadi juu. Kuziba ufa huo kwa udongo mpya ni kazi bure, kesho unarudi palepale.

Kwa hiyo acha milimita 8 kushoto na kulia, na 10 nyuma, kwa sababu jiko hutanuka zaidi kwa urefu. Njia inayopendwa ni kulizungushia jiko maboksi mawili mawili, yakaungua yenyewe baadaye. Inafanya kazi nusu. Boksi likinywa maji ya udongo hulegea, na ukipigapiga udongo kwa kiganja linabanwa hadi kubaki milimita 2. Ukichungulia juu unaliona boksi, unadhani nafasi ipo, kumbe chini haipo. Mimi pande zilizonyooka naweka vibao vya milimita 8 (nyuma 10) vilivyopakwa mafuta machafu ya gari, vinasimama wima vikichomoza juu kwa shubiri moja. Udongo ukishika, yaani kidole gumba kinaacha alama lakini hakizami, kitikise kila kibao kushoto na kulia, kisha kivute juu taratibu. Ukichelewa hadi kesho yake kitang'ang'ania na kumega ukuta. Vifute vikitoka, yasibaki mafuta ndani. Maboksi yabaki kwa kona na sehemu za mviringo, tena yawe matatu, si mawili. Usitumie nailoni: inayeyuka ikagandia bati na kunuka wiki nzima.

Angalia pia sehemu tatu zinazosahauliwa. Fremu ya mlango: udongo uishie sentimita 1 nyuma yake, usiikumbatie. Miguu ya jiko: isizikwe. Shingo ya bomba: iachiwe nafasi kuizunguka yote.

Kuna mafundi wanaochomelea vipande vya nondo na waya ubavuni mwa jiko ili "udongo ushike". Ukiona hivyo vikate kwa grenda kabla hujaanza. Vinasukuma ukuta kutoka ndani kila moto unapowashwa. Ukuta usimame kwa miguu yake, na jiko liweze kutikisika kidogo ndani yake.

Hatua ya 5: Kukandika

Tabaka la kwanza, sentimita 4, ni udongo na mchanga bila nyuzi, kwa sababu nyuzi zilizo karibu na bati huungua na kuacha vitundu. La pili, sentimita 5, ni majivu ya pumba yaliyoloweshwa kwa uji wa udongo, kiasi kwamba ukiyafumbata yanashikana na ukiyadonoa yanavunjika. Hili ndilo linalozuia joto, na anayeliruka ajue amejenga ukuta wa kunywa kuni tu. Vaa glavu, majivu yanakula ngozi. La tatu, sentimita 8, ni udongo, mchanga na nyuzi, vilivyokanyagwa juu ya turubai na kugeuzwa mpaka tonge likidondoshwa kutoka kiunoni linabonyea bila kutawanyika.

Panda na matabaka yote matatu pamoja, sentimita 15 kwa siku, si zaidi. Sehemu ya jana uikwaruze na kuilowesha kabla ya kuendelea.

Hatua ya 6: Bomba

Sehemu ya chini ya bomba iwe ya bati jeusi, lisilo na zinki; lenye zinki hutoa moshi wenye sumu likiungua. Chini ya makuti usipitishe bomba juu. Litoe ubavuni. Kama hapana budi, tundu la makuti liwe wazi sentimita 45 kila upande wa bomba, na liezekwe kwa bati.

Hatua ya 7: Kukausha

Januari na Februari, kaskazi ikivuma, siku 14 kivulini zinatosha. Masika usianze kabisa. Moto wa kwanza uwe wa makumbi, nusu saa. Kesho yake saa moja. Siku ya tatu kuni nyembamba. Vifuu visubiri wiki ya pili, moto wake ni mkali mno. Kujua kama bado kuna maji, shika gilasi baridi juu ya ile nafasi jiko likiwa na moto: ikitoka ukungu, ukuta haujakauka. Moshi wa maboksi utatoka siku hizo hizo, kwa hiyo fungua madirisha.

Nyufa nyembamba kama unywele ziache. Nje piga lipu ya udongo laini na mavi ya ng'ombe, au chokaa kwa mchanga 1 kwa 3, kamwe si saruji. Mdomo wa nafasi, pale mbele, uzibe kwa majivu yenye udongo kidogo. Utabomoka kila baada ya miezi kadhaa. Uzibe tena kwa kiganja.